Tarakilishi Inapokataa Kuamka: Kiswahili Kiko Wapi?

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii yamhusu mwenye tarakilishi wa Kayole kama inavyomhusu mwenye nyumba. Stima hupotea ghafla, kuanzia Masimba hadi Soweto, na inaporejea tarakilishi hukataa kuamka. Badala ya picha iliyozoeleka, kioo hujaa maandishi meupe juu ya weusi, yote kwa Kiingereza, yakiarifu kwamba ukaguzi wa mfumo wa faili umeshindikana na kwamba sharti ufanywe kwa mkono. Makala hii inadai kwamba jambo hilo si la mafundi peke yao. Ni suala la lugha, na wanafunzi wa Kiswahili wana deni la kulipa.

Kwanza, yafaa kueleza kinachotokea. Ndani ya diski mna faili zenyewe, na mna daftari linaloonyesha kila faili imehifadhiwa wapi. Umeme ukikatika wakati tarakilishi inaandika, daftari na hali halisi huacha kuafikiana. Ndiyo maana mfumo wa Linux huendesha programu ya ukaguzi, fsck, kabla ya kumkaribisha mtumiaji. Mwaka 2001 kiini cha Linux kilipokea mfumo wa faili uitwao ext3, ambao huweka shajara ya mabadiliko kabla hayajatekelezwa. Kwa hiyo kasoro nyingi hurekebishwa kwa muda mfupi. Mfumo wa NTFS wa Windows nao una shajara yake. Hata hivyo, shajara haiwezi kuponya diski iliyochakaa wala waya uliolegea.

Aidha, kuna chanzo kingine ambacho wengi hawakidhanii, nacho ni saa. Katika tarakilishi kuukuu, aghalabu zile zilizotumika ng'ambo kabla ya kufika Nairobi, betri ndogo ya ubao mkuu huwa imekufa. Umeme ukikatika, saa hurudi nyuma miaka kadhaa. Ukaguzi unapoanza, husoma kwamba diski ilitumika mara ya mwisho katika tarehe ambayo bado haijafika, nao huweza kusimama kwa mshangao. Dawa yake ni kusahihisha saa na kununua betri mpya. Lakini mwenye tarakilishi asiyeyaelewa maandishi yale aweza kuambiwa kwamba diski imekwisha, akakubali kila kitu kifutwe.

Hapo ndipo penye hatari. Programu ya ukaguzi huuliza maswali, nayo hutaka jibu la ndiyo au hapana. Mwenye busara husoma kwanza ni sehemu gani ya diski iliyotajwa, huhakikisha kwamba sehemu hiyo haitumiki wakati wa ukarabati, na hunakili faili zake kwingine ikiwezekana. Diski inayogongagonga haifai kulazimishwa ukaguzi kabla ya kunakiliwa, kwani kila dakika ya kazi yaweza kuizidishia maradhi. Asiyesoma hujibu ndiyo kwa kila swali. Huenda akaokoka, huenda pia faili zake zikatupwa katika folda maalumu ya vilivyopotea vikaokotwa, kila moja ikiwa imepoteza jina na kupewa namba tu. Tasnifu nzima yaweza kuwa humo, mwenyewe asijue kwamba ipo.

Kayole ina msamiati wake wa mambo haya. Husemwa kwamba mashine imegoma, kwamba diski imekufa, kwamba sharti ipigwe fomati. Ni maneno hai, na msomi asiyadharau. Kasoro yake ni kwamba hayatofautishi mgonjwa na maiti. Mtu akiisha kuambiwa kwamba diski imekufa, hana swali jingine la kuuliza.

Hapana shaka kwamba juhudi zimefanywa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka huohuo kampuni ya Microsoft ilitangaza mpango wa kuzitafsiri programu zake. Kazi hizo zastahiki pongezi. Lakini zilianzia sebuleni, kwenye menyu na vitufe ambavyo mtumiaji huvikariri kwa siku chache. Mahali ambapo mtu huhitaji lugha yake zaidi, yaani wakati wa dharura, pakaachwa. Wasomi nao walitumia wino mwingi wakibishana kuhusu tarakilishi, kompyuta na ngamizi, ilhali mfumo wa faili haukupata maelezo ya kurasa mbili yanayoeleweka.

Yamkini wapo watakaosema kwamba mafundi wanakijua Kiingereza, hivyo hakuna dhara. Hoja hiyo haina mashiko. Fundi hutengeneza, lakini anayeamua kama faili zifutwe au zinusuriwe ni mwenye faili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Hadhi hiyo itamfaa nini mwenye duka la kuchapa iwapo hawezi kuuliza kwa Kiswahili kama kumbukumbu zake zingali hai?

Ni bora basi vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vitoke madarasani, viketi na mafundi wa mitaani, na kuandaa mwongozo wa ukurasa mmoja unaoweza kubandikwa ukutani katika saiba yoyote. Mwongozo huo ueleze maana ya kila onyo, hatua za kufuata na jambo lisilopaswa kufanywa. Istilahi zipimwe hapohapo: lile ambalo fundi na mteja wake wanalielewa lisanifishwe, na lile linalowababaisha liachwe. Programu za ukaguzi za Linux zina matoleo kwa Kivietinamu, kwa hiyo kazi hii haihitaji miujiza. Inahitaji watu wanaoijua lugha, na watu hao ndio wanaousoma ukurasa huu.