Tuwapime kwa Masomo, Si kwa Daraja

Kila mwaka Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha sita, vigelegele husikika katika nyumba nyingi za Tanzania. Kijana wa tahasusi ya PCM amepata daraja la kwanza, na jioni hiyo hiyo majirani wanaanza kumwita injinia. Furaha hiyo ni haki yake. Lakini, wazazi wenzangu, daraja peke yake halisemi kama ataingia chuoni kusomea uhandisi, na tukimwacha aamini hivyo tunamkosea.

Tazameni hesabu yenyewe. Baraza huhesabu A kuwa pointi 1, B 2, hivyo hivyo hadi E ambayo ni 5 na S ambayo ni 6. Mwenye jumla ya 3 hadi 9 katika masomo yake matatu yumo daraja la kwanza. Basi kijana mwenye A ya Kemia, B ya Fizikia na E ya Hisabati ana pointi 8: daraja la kwanza, bila ubishi. Ukifika kwenye udahili wa vyuo vikuu hesabu inageuka. Huko A ni pointi 5 na E ni 1, na kozi nyingi za uhandisi hutazama kwanza Hisabati na Fizikia. Katika masomo hayo mawili kijana wetu ana pointi 5 tu. Mwenzake aliyepata B zote mbili na S ya Kemia ametangazwa daraja la pili, naye ana 8. Nani kati yao aliye karibu zaidi na karakana ya uhandisi?

Liko na kosa la pili. Mwongozo wa udahili unataka angalau pointi 4 katika masomo mawili ya msingi wa kozi, na wengi wakizipata hudhani wameshaingia. Sivyo. Pointi hizo ni ruhusa ya kubisha hodi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachofundisha uhandisi tangu 1973, hupokea maombi kutoka kila pembe ya nchi, na viti havilingani na waombaji. Anayeomba hapo kwa pointi 4 na aombe, lakini aombe pia Mbeya na kwingineko katika dirisha lile lile la kwanza, asingoje majibu ndipo ahangaike.

Wapo watakaosema kumweleza mtoto ukweli huu mapema ni kumkatisha tamaa. Mimi sikubali. Tamaa hukatika vyuo vinapofunguliwa, kijana amebaki nyumbani na cheti kizuri asijue alikosea wapi. Aliyeambiwa akiwa kidato cha tano kwamba Hisabati yake inalegea bado ana muda wa kuirekebisha. Aliyeambiwa baada ya mtihani hana.

Na tuache kuidharau stashahada. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, iliyoanza kama chuo cha ufundi mwaka 1957, na Chuo cha Ufundi Arusha, kilichofunguliwa 1978, hupokea vijana wa kidato cha nne waliofaulu sayansi. Husoma miaka mitatu, na mwenye wastani wa GPA 3.0 huruhusiwa kuomba shahada. Huyo huingia darasani ameshashika mashine kwa mikono yake. Mzazi anayemzuia mwanawe njia hii kwa kuogopa maneno ya watu anajali heshima yake kuliko maisha ya mtoto.

Wewe mwenye kijana kidato cha tano, nenda shuleni kabla muhula huu haujafungwa. Mwone mwalimu wa Hisabati na wa Fizikia, omba alama za mitihani yote, kisha keti na mwanao mzisome pamoja. Matokeo ya mtihani wa utamilifu yakitoka mwakani, rudi tena.