Kozi ya Bure na Bei ya Anwani



Tangu mashine za kuchuma majani chai zilipoingia mashambani, vijana wetu wengi wa Kericho na Bomet wanatafuta ujuzi mwingine wa kuwapatia riziki. Wamesikia ya kwamba katika intaneti zimo kozi za bure: kutunza hesabu za duka, Kiingereza cha ofisini, kazi za kompyuta, ufugaji wa ng'ombe wa maziwa. Jambo hilo ni jema, na Chama hakina ugomvi nalo. Mtoto wa mchumaji hana budi kupata elimu, na ikiwa haina karo ni heri zaidi.

Lakini liko jambo lisilotupendeza. Kijana akifika mlangoni pa hiyo kozi ya bure huambiwa kwanza aandike jina, nambari ya simu na anwani ya barua pepe. Asipoandika, mlango haufunguki. Akiandika hupewa somo la kwanza, na kesho yake barua zinaanza kumiminika: nunua kozi kubwa, lipa leo upunguziwe nusu, zimebaki siku mbili, zimebaki saa tatu. Baada ya majuma machache huanza kupata barua za watu asiowajua kabisa.

Wako watakaosema, barua ni barua tu, ifute uendelee na kazi yako. Wasemao hivyo wana intaneti ya waya nyumbani. Huku kambini kijana hununua bando la shilingi 20, na kila tangazo lenye picha humega bando lile. Tena anwani yake ni moja tu. Ndiyo aliyoitumia kuomba mkopo wa chuo, ndiyo iliyoandikwa katika maombi yake yote ya kazi. Binti wa mwenzetu mmoja wa upande wa Bomet aliitwa kwenye mahojiano ya kazi ya ukarani. Barua ya kumwita ilizama katikati ya matangazo zaidi ya mia, akaiona siku ya nne baada ya mahojiano kwisha. Nani atamlipa hasara hiyo?

(Na hapa niseme kidogo juu ya saiba. Vijana wengi hufunguliwa anwani na mwenye saiba, huko Litein, Kapkatet au Sotik, naye huandika nywila katika daftari lake. Wengi wao ni watu waaminifu, lakini nywila ya mtu haifai kukaa katika daftari la duka.)

Sasa tuulize, mwalimu anataka anwani ya nini? Ikiwa ni kumpelekea mwanafunzi cheti chake, au kuweka alama ya mahali alipofikia, twakubali. Lakini kusoma tu ukurasa wa somo hakuhitaji anwani ya mtu. Chuo kikuu cha MIT cha Marekani kimeweka masomo yake wazi kwa dunia nzima kwa zaidi ya miaka 20, na anayetaka kuyasoma haambiwi ajiandikishe. Basi yawezekana.

Najua mwalimu naye hula. Ikiwa ataka fedha, na aseme wazi kozi hii ni shilingi kadha, nasi tutaamua kama mfuko wetu unaweza. Au aseme kabla ya kuomba anwani: nitakuletea matangazo, ukipenda. Ninachopinga ni kuita bure kitu chenye bei iliyofichwa, tena bei hiyo alipe mtu asiye na kazi.

Wanachama wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Kwa Sheria ya Mahusiano Kazini ya mwaka 2007, ada ya Chama haikatwi katika mshahara mpaka mfanyakazi atie sahihi Fomu S. Sahihi ile ni ya ada ya Chama, basi. Karani hawezi kuichukua akakata nayo fedha za kitu kingine. Na mwanachama akijiuzulu na kumwarifu mwajiri kwa maandishi, makato hayana budi kukoma. Kwa nini ridhaa ya kijana juu ya jina lake iwe hafifu kuliko ridhaa ya baba yake juu ya mshahara?

Sheria yenyewe ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yasema habari za mtu zisitumiwe kwa biashara ila mwenyewe awe amekubali waziwazi, au sheria iwe imeruhusu na mwenyewe aliarifiwa zilipokuwa zikichukuliwa. Aliyekubali aweza kuondoa ridhaa yake wakati wowote. Tena, katika kupima kama mtu alikubali kwa hiari, sheria yataka iangaliwe kama alinyimwa huduma mpaka akubali habari zisizohitajika kwa huduma ile zitumiwe. Hapo ndipo penye kozi hizi.

Wala sheria hiyo si karatasi tu. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, iliyokopesha kwa programu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 kwa kutumia nambari za watu kuwasumbua na kuwatisha.

Wazee walitusimulia habari za kipande, kilichovaliwa shingoni tangu miaka ya 1920, chenye alama za vidole na jina la mwajiri na mshahara. Sisemi anwani ya barua pepe ni kipande, maana kipande kilikuwa dhuluma kubwa zaidi. Ila watu waliobeba kipande wamekwisha kujua maana ya habari zao kushikwa na mwingine.

Viongozi wa Chama nao wasijisahau. Wakija watu na masomo ya bure kwa wanachama, orodha yetu ya majina na nambari za simu wasipewe.

Napendekeza mkutano ujao wa tawi uamue mambo mawili. Kwanza, Chama kisitangaze ubaoni kozi yoyote inayodai anwani kabla ya somo, au ambayo kisanduku chake cha kukubali matangazo kimekwisha kutiwa alama. Pili, wawakilishi wa kambi wawasaidie vijana waliokwisha kunaswa. Waandike kwanza kwa mwenye kozi wakitaka majina yao yafutwe. Akikataa, malalamiko yapelekwe kwa Kamishna wa Data. Yapokewa kwa maandishi au kwa mdomo, hivyo hata asiyejua kuandika aweza kulalamika, na sheria yataka yachunguzwe na kumalizwa katika siku 90.