Hati Iko Tayari, Lakini Ilitoka Wapi?

Maneno matatu yametawala soko la majengo nchini Kenya: hati iko tayari. Yamo kwenye mabango ya barabarani, kwenye matangazo ya redio, na kwenye hotuba za madalali mbele ya wanachama wa sacco wanaotaka kununua jengo la maduka ili kodi yake iwatunze uzeeni. Yakishatamkwa, mazungumzo huhamia kwenye bei. Anayeuliza swali la pili huonekana mkorofi, au mtu asiye na fedha anayetafuta kisingizio cha kuondoka. Maneno hayo yananikera kwa sababu ni nusu ya ukweli, na nusu inayofichwa ndiyo inayofilisi watu. Hati humwambia mnunuzi ni nani mwenye mali leo. Haimwambii mtu huyo aliipataje. Na katika nchi hii, aliipataje ndilo swali linaloamua kesi.

Mwezi wa Aprili mwaka 2023, Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi ambao kila chama cha wawekezaji kingepaswa kuusoma kwa sauti kwenye mkutano wake mkuu. Kampuni ya Dina Management ilikuwa na hati ya kiwanja kinachopakana na ufuo wa Nyali, Mombasa. Hati yenyewe haikuchorwa uchochoroni. Ilitoka kwenye ofisi ya usajili na ilikuwa kwenye daftari la serikali. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ilibomoa ukuta wa kiwanja hicho, ikisema pale ni mahali pa umma na ni njia ya wananchi ya kuteremkia baharini. Kampuni ilikwenda mahakamani na utetezi ambao wengi wetu tungeutoa: tulinunua kwa nia njema, tukalipa, na aliyetuuzia naye alikuwa na hati. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliukataa. Mahakama ya Rufaa iliukataa. Majaji wa Mahakama ya Juu waliifuata hati ile kinyumenyume, mkono hadi mkono, mpaka kwa aliyegawiwa kwanza, ambaye alikuwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, mwaka 1989. Walipofika hapo hawakuona ushahidi kwamba ardhi ile, iliyotengwa kuwa uwanja wa wazi wa umma, iligawiwa kwa utaratibu unaotakiwa. Mgao wa kwanza ukiwa na kasoro, wote waliofuata walikuwa wakiuziana kitu ambacho hakuna kati yao aliyekimiliki. Dina ilishindwa. Nia njema ya mnunuzi haikumwokoa, kwa kuwa mahakama ilitaka kuona kwamba alichunguza shina la hati kabla ya kulipa.

Miezi michache baadaye, Septemba mwaka huo huo, mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya Torino Enterprises kuhusu ardhi ya Embakasi iliyokuwa mikononi mwa jeshi. Hapo ilisema wazi kwamba barua ya mgao peke yake haimpi mtu umiliki, na asiye na umiliki hana cha kumuuzia mwingine. Kesi mbili katika mwaka mmoja, kutoka kwa mahakama ambayo juu yake hakuna rufaa. Bado mabango yanasema hati iko tayari.

Wanaoziona hukumu hizo kuwa jambo geni hawakuisoma Katiba ya 2010. Ibara ya 40 inalinda haki ya kumiliki mali, kisha katika ibara ndogo ya 6 inasema ulinzi huo hauihusu mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaichukulia hati kuwa ushahidi wa umiliki, lakini kinaruhusu ipingwe ikiwa ilipatikana kwa njia haramu, bila kufuata utaratibu, au kupitia mpango wa kifisadi. Wala hati za namna hiyo si tone baharini. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoundwa mwaka 2003 na kutoa ripoti mwaka uliofuata, ilikadiria kwamba hati zipatazo 200,000 zilitolewa isivyo halali kabla ya mwaka 2003. Hati hizo hazikukaa sandukuni. Zimeuzwa, zimerithiwa, zimewekwa rehani benki, zimekatwa vipande na kupewa namba mpya. Baadhi yake bila shaka zinatangazwa wiki hii kuwa ziko tayari. Kinachoniuma zaidi ni jinsi mzigo unavyoangukia asiyehusika. Afisa aliyepiga muhuri amestaafu na anapokea pensheni yake, aliyegawiwa ameshauza na kuondoka na fedha, na mnunuzi wa tatu au wa nne, mara nyingi kikundi cha walimu au wauguzi waliochanga kwa miaka kumi, ndiye anayeulizwa na jaji kwa nini hakuchunguza. Serikali inayouza uhakika kwa ada ya usajili na kuukana mahakamani ina deni kwa watu hao. Lakini mnunuzi wa leo hawezi kusubiri deni hilo lilipwe. Inambidi ajilinde mwenyewe.

Hapo ndipo hujitokeza hoja dhaifu kuliko zote: jengo likishasimama miaka mingi, lina lifti, lina wapangaji na umeme, nani ataligusa? Hoja hiyo ilipaswa kuzikwa Agosti 2018. Katika siku chache za mwezi huo jijini Nairobi, matingatinga yaliangusha kituo cha mafuta na mkahawa kule Kileleshwa, yakaangusha Southend Mall kwenye Barabara ya Lang'ata, yakaangusha Ukay Centre kule Westlands, yote kwa madai kwamba yamekalia kingo za mito. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Taj Mall ya Embakasi, iliyokuwa imeshapewa jina jipya la Airgate Centre, ikidaiwa kukaa kwenye hifadhi ya barabara. Majengo hayo yalikuwa na lifti. Yalikuwa na wapangaji na mita za umeme. Watu wanaweza kubishana hadi kesho kama ubomoaji ule ulikuwa wa haki, na ubishi huo una maana yake. Lakini mwenye kununua jengo hanunui ubishi. Kanuni za maji zinatenga kati ya mita 6 na 30 za kingo za mto, na mita hizo huwa haziandikwi kwenye hati. Barabara iliyochorwa kwenye ramani na ambayo bado haijajengwa nayo haiandikwi. Mambo hayo yako kwenye ramani za upimaji kule Ruaraka, kwenye mafaili ya mamlaka za barabara, kwenye ofisi za NEMA, mamlaka ya mazingira, na za mipango ya kaunti, na humfunukia yule tu anayekwenda kuuliza huku mpimaji wake akiwa ameshazikagua bikoni za mipaka moja baada ya nyingine.

Wengine watasema siku hizi mambo yamebadilika, kuna Ardhisasa, mfumo wa kidijitali wa kumbukumbu za ardhi. Mfumo huo ulizinduliwa Aprili 2021, na ni kweli umepunguza foleni na faili zinazopotea kimiujiza. Lakini Ardhisasa husoma daftari, na daftari ndilo lililoandikwa na mkono uleule uliozipiga muhuri hati mbovu. Hati yenye kasoro ya mwaka 1989 ikinakiliwa kwenye kompyuta hubaki na kasoro yake, ila sasa inasomeka vizuri zaidi. Vivyo hivyo kwa sachi, ile karatasi ya upekuzi wa daftari ambayo mawakili wengi huichukua, huiweka kwenye faili na kumwambia mteja kwamba mambo ni safi. Sachi hutaja jina la mwenye mali, rehani na vizuizi vilivyosajiliwa. Haitaji barua ya mgao, wala ramani ya mipango iliyoidhinisha mgao huo, wala aliyemuuzia muuzaji. Wakili anayelipwa kwa asilimia ya bei ya jengo, kisha akaishia kwenye sachi, hajaifanya kazi aliyolipwa. Baada ya hukumu ya Dina, kosa hilo si la bahati mbaya tena.

Na tuchukulie shina la hati limechimbuliwa na kuonekana safi kabisa. Bado hati haijasema lolote kuhusu kile hasa ambacho mwekezaji ananunua. Anayenunua nyumba ya kuishi ananunua kuta na paa. Anayenunua jengo la biashara ananunua kodi, na kodi inatoka kwa wapangaji, na wapangaji hawamo kwenye hati. Muuzaji hukabidhi orodha ya vyumba na kodi zake, jumla imepigwa mstari chini, na mnunuzi hupiga hesabu za benki juu ya jumla hiyo. Ni kodi inayolipwa kweli au ni kodi inayotarajiwa? Ule ushuru wa VAT wa asilimia 16 unaotozwa kodi za biashara umo ndani ya hesabu hiyo au la? Wenye vibanda walishatoa kilemba, au gudiwili kama wanavyoiita mjini, na waliahidiwa nini kwa fedha hizo? Stakabadhi na taarifa za benki za miaka mitatu hujibu maswali haya. Maneno ya muuzaji hayajibu.

Kuna kubwa zaidi ambalo madalali hawalitaji kabisa. Sheria inayowahusu wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, inamlinda mpangaji ambaye mkataba wake haukuandikwa, au umeandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano. Mwenye jengo hawezi kumwondoa wala kumpandishia kodi mpaka atoe notisi ya angalau miezi miwili kwa fomu maalumu, na mpangaji akipinga, jambo linakwenda kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara na kusubiri huko. Sheria hiyo ni nzuri, inamlinda mwenye duka dogo dhidi ya ukatili. Lakini mnunuzi aliyekopa benki akiwa amepanga kupandisha kodi mwezi wa kwanza amejenga hesabu zake juu ya jambo ambalo sheria haimruhusu. Upande wa pili wa mizani yuko mpangaji mkubwa, yule ambaye jina lake kwenye bango ndilo lililoipandisha bei ya jengo. Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa, ilikuwa jina la namna hiyo, Ukay Centre ikiwa miongoni mwa makazi yake. Januari 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Wenye majengo waliobaki na kumbi tupu na madeni ya kodi walikuwa na hati zilizo tayari.

Hata kile kidogo ambacho hati inakisema, wengi hawakisomi. Viwanja vingi vya mjini ni vya kukodishwa na serikali kwa miaka 99 au pungufu, na miaka iliyokwisha kuliwa hairudi.

Linabaki lalamiko kwamba uchunguzi wote huu unakula muda na jengo litanyakuliwa na mwingine. Ni lalamiko la kitoto. Anayenyakua jengo asilolijua amekuondolea balaa, na muuzaji asiyeweza kusubiri wiki tatu ili faili lake lisomwe ana sababu ya kuogopa lisomwe. Desturi ya mauzo hapa nchini ni kuweka amana ya asilimia 10 na kukamilisha ndani ya siku 90. Mauzo yanayosubiri siku 90 baada ya sahihi hayashindwi kusubiri wiki tatu kabla yake. Kwa hiyo wewe unayekaa na mkataba mezani, au wewe mweka hazina uliyebeba akiba za wanachama mia nne: kabla ya kutia sahihi, dai barua ya mgao ya kwanza, ramani iliyoidhinisha mgao huo, na mlolongo wa kila mauzo mpaka leo, kisha mikataba ya wapangaji wote. Karatasi moja ikikosekana bila maelezo, usilipe hata hiyo amana.