Eropleni Kuukuu Isifufuliwe kwa Jasho la Bure



Sisi watoto wa Vanga tulio katika kazi ya reli tunasikia maneno ya wapenda ndege, ya kuwa eropleni ndogo ya zamani yaweza kununuliwa kwa bei ndogo na kufufuliwa kwa bei ndogo. Hatuna ugomvi na kufufua. Kitu kilichoundwa vizuri kina haki ya kuundwa tena. Lakini twauliza: hiyo bei ndogo yatoka mfukoni mwa nani?

Mtu wa reli asiseme haya hayamhusu. Reli na East African Airways yalikuwa mashirika ya Jumuiya moja, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 wazee wetu waliumia pamoja. Tena fundi ni fundi, awe chini ya gari moshi au chini ya bawa.

Wala kazi yenyewe si miujiza. East African Airways ilipoanza kuruka mwaka 1946 ilitumia Dragon Rapide, ndege ya mbao iliyovikwa kitambaa. Super Cub, ambayo Piper walianza kuiunda mwaka 1949, na ambayo askari wa wanyama wa Kenya wameirusha miaka mingi, ni mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa. Mzee yeyote wa Vanga aliyetia jahazi kalafati ataelewa: kinachoua chombo ni kile kilichofichika. Chini ya kitambaa gundi imeachia, ubao umeoza, bomba limeliwa na kutu, hasa huku pwani kwenye hewa ya chumvi. Kwa hiyo ndege kuukuu ivuliwe nguo kwanza, ndipo hesabu ya fedha ifanywe.

Basi mwenye ndege aokoe wapi? Aokoe kwa mikono yake: aoshe vyuma, akwangue rangi, apige msasa, fundi mwenye leseni akimsimamia. Aokoe kwa subira: kipande kimoja leo, kingine mwakani. Na atafute ndege yenye vitabu vyake vyote vya kumbukumbu, hata ikizidi bei, maana kipande kisicho na karatasi hakijulikani kilikotoka.

Lakini asiokoe kwenye injini. Injini ya Lycoming ya Super Cub, waundaji wake wanashauri ifunguliwe yote baada ya saa 2,000 au miaka 12. Hapo ndipo fedha nyingi huenda, na hapo ndipo wajanja husema, "Bado inanguruma vizuri." Wala asiokoe kwenye bolti. Bolti ya dukani na bolti ya ndege zafanana kwa macho, hazifanani kwa nguvu.

Wala asiokoe kwenye mshahara wa fundi. Desturi ya matajiri twaijua: siku ya malipo fundi huitwa kibarua, siku ya kutia sahihi huitwa fundi mkuu. Huharakishwa, hutishwa kwamba wako wengine nje ya lango wanaotaka kazi. Ndege ikianguka, sahihi yake ndiyo itafutwayo, si ya aliyemharakisha.

Mwezi wa Mei 1931 Denys Finch Hatton alianguka na Gipsy Moth yake pale Voi, kwenye njia yetu ya reli. Hatusemi ndege ile ilikuwa mbovu. Twasema hivi: Finch Hatton ameandikwa vitabuni na kuchezwa katika sinema. Kamau, mtumishi wake aliyekufa pamoja naye, nani amsimulia? Ndege inapoanguka haichagui tajiri na mtumishi. Wanaochagua ni watu, baadaye.

Kwa hiyo twadai:

Kwanza, fundi alipwe kwa ufundi wake, na saa za ziada zilipwe.

Pili, fundi akikataa kutia sahihi, asifukuzwe kwa neno hilo.

Tatu, kijana anayesaidia kazi hii aandikwe kuwa mwanafunzi wa ufundi na afundishwe hata apate leseni, asifanywe mfagiaji wa milele.

Asiyeweza kulipa haya hana fedha ya kufufua ndege. Na abaki akiitazama ikiwa chini, haitamdhuru mtu.

Wazee walisema, rahisi huvunja upishi. Chakula kikiharibika watu hulala na njaa, wakaamka. Ndege ikiharibika hawaamki.

Umoja ni nguvu.

Sisi wa Vanga, wafanya kazi wa reli.