Je, Cheti Chatosha Kumfanya Mtu Mwalimu?

Suala la walimu limekuwa gumzo kubwa nchini kwa miaka hii michache, na hapa kwetu pwani halikosi kuzungumzwa barazani baada ya sala ya Isha. Serikali ilipobadili mtaala, ilibadili pia namna ya kuwatayarisha walimu. Mwaka 2021 vyuo vya ualimu viliacha cheti cha P1 kilichosomewa miaka miwili, vikaanza stashahada ya miaka mitatu. Mwaka huo huo Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ilitangaza mafunzo ya lazima kwa walimu walio kazini, nao wakaambiwa wayalipie wenyewe, hadi shilingi 6,000 kwa mwaka. Chama chao, KNUT, kilipinga vikali.

Mimi leo sitaki kuingia katika ugomvi wa ada. Nataka kuuliza jambo moja: mafunzo haya, yakiongezwa mwaka juu ya mwaka na karatasi juu ya karatasi, yatosha peke yake kumfanya mtu mwalimu mwema?

Wako wasemao kwamba mwalimu huzaliwa, hafunzwi. Hao siwaungi mkono. Sisi tuliosoma chuoni twawakumbuka maalimu waliokuwa wacha Mungu, wenye ikhlasi, wasiotaka kitu ila mtoto ajue dini yake. Lakini njia waliyoijua ilikuwa moja tu: kukaririsha, na bakora. Mtoto mwepesi alisoma juzuu zake akahitimu. Aliyekuwa mzito aliuchukia ubao, akatoroka. Si kwamba maalimu hao walikuwa na nyoyo mbaya. Hawakuonyeshwa njia nyingine. Na bakora ilipopigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, mwalimu asiyejua njia nyingine alibaki mikono mitupu. Kwa hivyo mafunzo ni lazima.

Hata hivyo, chuo cha zamani kilikuwa na jambo moja ambalo twalikosa leo. Mwanafunzi mkubwa alifanywa halifa. Aliketi na wadogo akawasomesha alifu na be, na mwalimu yuko hapo hapo, sikio lake kwao. Halifa akikosea, alisahihishwa papo kwa papo. Alijifunza kusomesha kwa kusomesha, chini ya jicho la anayejua. Na katika elimu kubwa mambo yalikuwa vivyo hivyo: mwanafunzi alisubiri shekhe wake ampe ijaza ndipo adarsishe kitabu. Shekhe huyo alikuwa amekaa naye miaka, anakijua kisomo chake na anaijua tabia yake.

Tena tunao mfano wa karibu, papa hapa Mombasa. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa pwani walimwendea Aga Khan, wakamweleza kwamba watoto wao wanabaki nyuma shuleni. Kazi ile alikabidhiwa Bi Swafiya Said, mwalimu mzoefu. Yeye hakuanza na vyeti. Walimu walitafutwa miongoni mwa wanawake wa mitaa na vijiji vyenyewe, na wengi wao hawakuwa na elimu kubwa. Walifunzwa kumsomesha mtoto kwa michezo, nyimbo na hadithi za kwao, pamoja na dini yake. Na baada ya mafunzo hawakuachwa peke yao: wakufunzi waliwafuata madarasani, wakakaa nao, wakawaonyesha. Madrasa hizo za watoto wadogo zikafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993.

Sasa linganisha na yaliyotokea karibuni. Januari 2023 ilianzishwa sekondari msingi, ndani ya shule za msingi. Maelfu ya walimu walioajiriwa humo walikuwa na mafunzo kamili na wamesajiliwa na TSC, lakini waliitwa wanagenzi, wakapewa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mtu aliyefunzwa masomo mawili alitwishwa masomo mengi asiyoyasomea. Aprili 2024 mahakama ya kazi iliamua kwamba si halali kumwajiri mwalimu aliyekwisha kufuzu kwa jina la mwanagenzi. Mei wakagoma, na wengi waliajiriwa kwa kudumu mwaka 2025.

Kwangu mimi, lililo zito kupita mshahara ni hilo jina lenyewe. Mwanagenzi ni yule aliye na fundi wake. Seremala mwanagenzi hushika randa na fundi anamtazama. Je, fundi wa walimu hawa alikuwa nani? Shule nyingi hapo mwanzoni zilipata mwalimu mmoja tu wa sekondari msingi. Alikuwa mwanagenzi bila fundi, na halifa bila maalimu. Cheti alikuwa nacho. Alichokosa ni mtu wa kukaa naye darasani.

Wazee husema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Mafunzo ya ualimu nayo ni hivyo. Zile shilingi 6,000 zingekuwa na maana zaidi kama zingemtuma mwalimu hodari aende akakae wiki kadhaa katika darasa la mwenzake, kuliko kumkusanyia kila mtu karatasi nyingine.

Nasi wenyewe tusijitoe lawamani. Kamati ngapi za madrasa humuajiri kijana kwa sababu tu anakubali malipo madogo, wala haziulizi amesoma kwa nani, wala nani atamwongoza? Tunamkabidhi watoto thelathini kisha twaenda zetu. Kabla ya kumtafutia cheti, tumtafutie kwanza maalimu wa kukaa naye, na huyo maalimu naye alipwe.