Kiota cha Sauti: Funzo Kutoka Hawaii

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Hata hivyo, wapo wasioacha mila kwa hiari yao, bali hupokonywa. Wahawaii, jamii ya Wapolinesia wa Bahari ya Pasifiki, ni mfano dhahiri.

Lugha yao haikukosa maandishi. Gazeti la kwanza la Kihawaii lilichapishwa mwaka wa 1834, na kufikia 1948 yalikuwa yametokea magazeti yapatayo mia moja. Humo mlihifadhiwa ngano, nasaba, maombolezo na mijadala ya siasa. Malkia Liliʻuokalani alipopinduliwa mwaka wa 1893, mambo yaligeuka. Sheria ya 1896 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Kizazi baada ya kizazi, wazazi wakaacha kuwasemesha watoto Kihawaii, isipokuwa katika kisiwa kidogo cha Niʻihau.

Mwaka wa 1978 Katiba ya Jimbo la Hawaii ilikitambua Kihawaii kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Je, tatizo lilikwisha? La hasha! Vikwazo vya kisheria shuleni vilidumu hadi 1986. Kilichoihuisha lugha ni juhudi za wazazi na walimu wachache. Wakiiga viota vya lugha ambavyo Wamaori wa New Zealand walivianzisha mwaka wa 1982, walifungua shule za chekechea za Pūnana Leo, yaani kiota cha sauti. Ya kwanza ilianza kisiwani Kauaʻi mwaka wa 1984. Humo Kihawaii hakikuwa somo. Mtoto alilishwa, alichezeshwa na kukanywa kwa Kihawaii. Wazazi nao walitakiwa kujifunza lugha hiyo.

Yupo atakayedai kuwa mtoto wa aina hiyo atakikosa Kiingereza. Hoja hii haina mashiko. Kiingereza atakiokota dukani, barabarani na kwenye televisheni. Kihawaii atakiokota wapi asipokisikia kwa mlezi wake?

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaitaka Serikali iendeleze lugha za kiasili. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini kifungu cha sheria hakimbembelezi mtoto akalala. Sisi tunaosomea lugha tusitosheke na kuandika tasnifu kuhusu lugha za nyanya zetu. Tuzizungumze na wadogo wetu nyumbani, nyanya hao wangali hai wa kutusahihisha.