Simu inayotegemewa nyumbani si ya kujaribia

Shule zikifungwa, vijana hupata muda wa kuchezea simu. Wapo wanaoomba simu ya mzazi ili waiwekee mfumo mpya ambao bado haujatoka rasmi. Mzazi anayeambiwa "ni dakika chache tu" ajue kwanza anachoombwa.

Android ya Google na iOS ya Apple hutolewa kwa njia mbili. Kuna toleo rasmi, lililokwisha kupimwa na kutumwa kwa watu wote. Kuna pia toleo la majaribio, maarufu kama beta, linalotolewa mapema ili wanaojitolea wasaidie kugundua kasoro. Beta ni ya bure, lakini simu inaweza kumaliza chaji haraka, kuzima ghafla au kugoma kufungua programu ya benki. Apple yenyewe hushauri beta iwekwe kwenye kifaa cha ziada.

Kwa nyumba yenye mgonjwa, jambo hili ni zito zaidi. Wapo watoto wenye kisukari wanaovaa kihisi kidogo mwilini, kinachopima sukari mchana na usiku na kutuma majibu kwenye simu. Sukari ikishuka usiku wa manane, simu hulia na mzazi huamka. Februari 2025, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kuwa baadhi ya watumiaji wa vifaa vya kisukari walikosa milio hiyo. Miongoni mwa sababu ilizotaja ni mabadiliko ya mfumo wa simu. Iliwashauri wazime usasishaji wa moja kwa moja, na wasiweke mfumo mpya hadi wahakikishe kuwa kifaa chao kinaendana nao.

Ikiwa hata toleo rasmi huhitaji tahadhari hiyo, la majaribio halina nafasi kwenye simu ya namna hiyo. Vivyo hivyo kwa simu yenye kengele ya dawa za bibi, au iliyo njia pekee ya kutuma pesa hospitali.

Kurudi nyuma nako kuna gharama. Anayetaka kutoka kwenye beta kabla toleo rasmi halijafika hulazimika kufuta kila kitu kwenye simu. Kwa iPhone, nakala ya kumbukumbu iliyohifadhiwa wakati wa beta huenda isikubali kurejeshwa kwenye toleo la zamani. Picha za mtoto zinaweza kupotea hivyo.

Hata hivyo, kukataa beta si kukataa kila sasisho. Masasisho ya usalama huziba mianya ambayo wezi wa mtandaoni huitumia, na simu iliyoachwa miaka bila kusasishwa nayo ni hatari. Kwa familia nyingi, utaratibu unaofaa ni huu: hifadhi nakala ya picha na namba, kisha weka toleo rasmi mchana, si usiku wa kuamkia safari au kliniki. Baada ya hapo jaribu kengele, milio ya tahadhari na programu ya pesa.

Na kijana asikatishwe tamaa, kwani udadisi huo unaweza kumfikisha kwenye kazi nzuri kesho. Kama kuna simu ya ziada inayokubali beta, apewe hiyo ajaribu. Ile ya mama ibaki kama ilivyo.